Nesi hafungui kichupa cha surua kwa watoto wawili: ni utaratibu au ni uamuzi wake?

Mama Nasra:

Habari za saa hizi ndugu zangu, hasa mnaofanya kazi kliniki za mama na mtoto. Naomba mnieleweshe jambo, maana linaniumiza.

Mwanangu wa mwisho ametimiza miezi tisa mwezi uliopita na kadi inaonyesha anatakiwa kupata surua-rubela. Tunakaa shambani huku bonde la Ziwa Rukwa, zahanati iko mbali, na nauli ya bodaboda kwenda na kurudi ni hela ya mafuta na sabuni ya wiki nzima. Nilipofika nesi alimpima uzito, akajaza kadi, akaniambia nirudi Alhamisi kwa sababu watoto wa surua "hawajatimia". Siku hiyo tulikuwa wawili tu. Alhamisi nikarudi, mtoto ana mafua, pua inachuruzika kama watoto wote msimu huu wa vumbi. Nikamkuta nesi mwingine, naye akasema mtoto mgonjwa hachanjwi, nimlete akipona.

Nikamuuliza kama hakuna hatari akikaa bila chanjo. Akanijibu, "Mama, kwani surua siku hizi iko wapi?" Hakuwa mkali. Angenifokea ningesema kachoka, foleni ndefu. Alisema taratibu kabisa, kama mtu anayeamini anachosema, na hilo ndilo limenikaa moyoni. Mume wangu aliposikia akasema basi, kama nesi mwenyewe haoni haraka, tusubiri tumalize kuvuna mpunga.

Naomba kujua: kuna sheria kwamba kichupa hakifunguliwi mpaka watoto watimie? Mafua yanazuia chanjo? Na miezi tisa ikishapita, chanjo bado inafaa?

Baba Imani:

Pole dada. Sisi ilitukuta kwa BCG. Mtoto alizaliwa salama, tukaambiwa chanjo ya kifua kikuu ina siku yake, tukakaa karibu mwezi. Nitafuatilia majibu hapa.

Muuguzi Mkongwe:

Mdogo wangu Mama Nasra, pole kwa nauli na pole zaidi kwa kauli uliyopewa. Mimi ni muuguzi mkunga, kazi yangu yote nimeifanya zahanati za vijijini, na kwenye huduma ya mkoba nimebeba kisanduku cha chanjo begani mpaka vitongoji ambavyo gari halifiki. Ninayo mengi ya kusema juu ya jambo hili, ila naanza na maswali yako kwa sababu mtoto bado hajachanjwa.

Mafua hayazuii chanjo. Kikohozi cha kawaida hakizuii, kuharisha kidogo hakuzuii, joto dogo halizuii. Anayezuiliwa surua ni mtoto ambaye dozi iliyotangulia ya chanjo hiyohiyo ilimletea mzio mkali, yaani alivimba uso au alishindwa kupumua, au mtoto ambaye kinga yake ya mwili imeshuka vibaya. Mtoto anayeumwa sana, wa kulazwa, anatibiwa kwanza. Pua inayochuruzika haimo kabisa. Na miezi tisa ni pale mlango unapofunguka. Wa miezi kumi anachanjwa, wa mwaka anachanjwa, wa mwaka na nusu ambaye hakupata ya kwanza anachanjwa pia. Dozi ya pili ratiba yetu inaiweka miezi 18. Aliyechelewa ya kwanza anasubiri angalau wiki nne ndipo apate ya pili. Ile ya pili msiiache. Ukichanja watoto 100 wa miezi tisa, karibu 85 wanapata kinga kwa dozi ya kwanza, na hao waliobaki huwezi kuwajua kwa kuwaangalia.

Sasa kichupa. Chanjo ya surua-rubela tunaipokea ikiwa unga mkavu, dozi 10 ndani ya kichupa kimoja, na maji yake ya kuchanganyia yako kwenye kichupa cha pembeni. Ukishachanganya una saa sita tu, au mpaka kliniki ya siku hiyo ifungwe, kitakachotangulia. Haina dawa ya kuua vijidudu vikiingia, kwa hiyo kinachobaki kinatupwa, hakuna mjadala. BCG iko hivyohivyo, na kichupa chake ni cha dozi 20, ndiyo maana Baba Imani alisubirishwa. Penta, ile sindano moja inayokinga magonjwa matano, inakuja ya maji tayari, na kichupa kilichofunguliwa kikitunzwa vizuri kwenye jokofu kinaweza kutumika hadi siku 28. Ndiyo sababu hukuwahi kurudishwa kwenye sindano za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ukaja kurudishwa kwenye surua, zahanati ileile na nesi wale wale.

Kwa hiyo yule wa kwanza alikuwa anaokoa dozi nane. Najua jinsi alivyowaza kwa sababu wote tumelelewa hivyo kazini. Tunafundishwa kwamba chanjo ni mali ya umma, usimwage. Mwisho wa mwezi ripoti inauliza dozi ulizopokea, ulizotumia, zilizobaki, zilizomwagika. Mratibu wa chanjo wa wilaya akija kukagua anaanza na jokofu na daftari. Nimeona wenzangu wakijieleza kwa kigugumizi juu ya vichupa viwili vya surua vilivyotupwa na dozi ndani. Lakini katika madaftari yote niliyojaza maisha yangu ya kazi, sijawahi kukutana na safu inayouliza: leo umerudisha nyumbani watoto wangapi? Dozi iliyomwagika inaandikwa pamoja na namba ya toleo lake. Mwanao aliporudishwa hakuandikwa popote. Kwenye makaratasi ya zahanati ile, siku ile ilikuwa nzuri, hakuna kilichopotea.

Nikujibu basi lile swali lako la sheria. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kinyume cha ulichofanyiwa: kifunguliwe hata kama aliyefika ni mtoto mmoja. Na mahitaji ya chanjo yanapokadiriwa, dozi za kumwagika zinahesabiwa humo tangu mwanzo, kwa surua na BCG zaidi kuliko nyingine. Zambia walijaribu kuleta vichupa vya dozi 5 badala ya 10, na wauguzi wakawa wepesi zaidi kufungua. Hofu ya kumwaga ilipungua.

Sasa ile ya "surua iko wapi". Wauguzi wengi vijana hawajawahi kumuona mtoto wa surua, na sababu ni kwamba chanjo imefanya kazi. Mimi nimewaona. Macho mekundu yasiyostahimili mwanga, mdomo umejaa vidonda hata titi halishikiki, ngozi inabambuka. Wazee walikuwa wanakataza asichomwe sindano eti upele utaingia ndani, kwa hiyo wengi walifikishwa kwetu wamechelewa. Upele ukishaisha mama anashukuru Mungu, kisha wiki mbili baadaye anarudi na mtoto yuleyule ana nimonia au anaharisha, maana surua inamwacha mtoto bila kinga hata kwa magonjwa aliyokwisha kuyashinda. Wengine walibaki vipofu. Mgonjwa mmoja akiwa katikati ya watu wasio na kinga anaweza kuambukiza 12 mpaka 18, na virusi vinabaki hewani chumbani hadi saa mbili baada ya yeye kutoka. Ndiyo maana inatakiwa watoto 95 kati ya 100 wawe na kinga ili isipate njia. Mwambie baba Nasra hilo kwa upole. Mpunga utavunwa.

Rudi zahanati siku ya kliniki, hata kama mafua hayajaisha. Omba kuonana na mganga mfawidhi ukikataliwa, na mwambie umetoka mbali. Ukiweza, pita kwa majirani wenye watoto wa miezi tisa na wa mwaka na nusu mwende pamoja, mtamrahisishia nesi. Lakini hata ukiwa peke yako, dozi moja ya kichupa kile ni ya mwanao.

Tabibu Kijana:

Sista, nakuheshimu na mengi uliyosema ni kweli, lakini nitetee walioko kazini leo. Niko zahanati yenye watumishi wawili. Mimi natibu, nazalisha, nagawa dawa. Mwenzangu anapima wajawazito, anachanja, anaandika. Nikifungua kichupa Jumatatu kwa mmoja na Jumanne kwa mmoja, Alhamisi wanakuja kumi na mbili na sina kitu, na mgao mwingine unaweza kuchelewa. Hapo nimewadhulumu wangapi?

Halafu kuchanganya chanjo kunataka utulivu. Mwaka 2018 huko Samoa watoto wachanga wawili walikufa dakika chache baada ya kuchanjwa. Chanjo haikuwa na tatizo. Wauguzi waliichanganya na dawa ya kulegeza misuli ya chumba cha upasuaji wakidhani ni maji yake. Walifungwa miaka mitano. Mimi nikifikiria hilo naona afadhali siku moja maalumu ya surua kwa wiki, meza iko tupu, kila kitu kimekaguliwa mara mbili, kuliko kufungua kila saa katikati ya vurugu. Nesi aliyesema Alhamisi huenda alikuwa anajali kuliko mnavyodhani.

Muuguzi Mkongwe:

Mwanangu, umesema vizuri na sitakupinga kwa watumishi wawili. Nimekaa zahanati ya mtumishi mmoja, mama analalamika uchungu chumba cha pili na huku nje watoto thelathini wanasubiri. Na kuchanganya ni kama ulivyosema: maji ya chanjo yakae na chanjo yake, yatoke kiwanda kimoja, na jokofu la chanjo lisiwekwe dawa nyingine yoyote, hata kwa usiku mmoja. Hapo sina msamaha na mtu.

Ila mkasa wa Samoa umalizie. Baada ya vifo vile serikali yao ilisimamisha chanjo hiyo kwa miezi kadhaa, na hata iliporudishwa wazazi walikuwa wameshaogopa. Mwishoni mwa 2019 surua ikaingia kwenye nchi ya watu kama laki mbili. Waliugua zaidi ya 5,000, wakafa 83, wengi wao chini ya miaka mitano. Wale wawili waliuawa na kosa la chumba cha sindano, na hao wengine waliuawa na ugonjwa wenyewe. Sisi wa afya tunazikumbuka hadithi za sindano kwa sababu zinatuhusu, tunaweza kufungwa. Mtoto anayekufa kwa surua baada ya kurudishwa hatujui hata kama alikuwa wetu.

Siku maalumu naikubali, ikiwa ni siku ya kweli: imeandikwa ukutani na kwenye kadi, mwenyekiti wa kitongoji anaijua, na haibadiliki. Hata mimi nilifanya hivyo. Lakini niliweka na kanuni pembeni yake: aliyetoka mbali anafunguliwa siku yoyote. Aliye jirani na zahanati naandika namba ya simu yake, nampigia. Na mtoto yeyote anayeingia, hata kaja na mama yake aliyekuja kupima ujauzito, hata kaja matone ya vitamini A, kadi yake inatazamwa. Ukifanya hivyo unashangaa jinsi kumi wanavyotimia upesi. Na kama kweli huwezi kufungua leo, mwambie mama ukweli kwamba dozi ni chache na utamhudumia siku fulani. Usimwambie surua haipo. Ile ya kwanza atavumilia, atarudi. Hii ya pili anaipeleka nyumbani kwa mumewe, kwa mama mkwe, kwa kikundi cha vikoba, na kila anayeisikia anaongeza "nesi ndiye alisema".

Mwalimu wa Kitui:

Hamjambo majirani. Hilo la "nesi ndiye alisema" nimelisoma mara mbili. Huku Kenya tuliliona mwaka 2014 wakati wa kampeni ya chanjo ya pepopunda kwa wanawake. Maaskofu walipinga wakisema ina kitu cha kuzuia mimba, Wizara ya Afya, WHO na UNICEF wakajibu kwamba ni salama. Maaskofu kusema ni jambo moja. Kilichowatia mama zetu hofu ni kwamba waliosimama nao walikuwa madaktari, kutoka chama cha madaktari Wakatoliki. Mtu wa kijijini atawezaje kubishana na daktari? Mwaka uliofuata mvutano ukahamia kwa matone ya polio ya watoto.

Na kuhusu uhaba, ndugu Tabibu, nakuelewa. Katikati ya 2025 BCG na polio zilikosekana vituo vingi huku kwetu, na akina mama walizunguka na watoto wachanga hospitali moja hadi nyingine.

Baba Imani:

Niulize basi, kwa heshima. Dada yangu tumbo moja ni nesi, tena hodari. Binti yake alipofikia umri wa ile chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, alimzuia asiende shule siku hiyo. Sisi ndugu wote tukafuata, maana ndiye msomi wetu wa afya. Sasa binti yangu ana miaka 11. Nimwamini nani?

Muuguzi Mkongwe:

Baba Imani, dada yako usimchukie. Wapo wengi kama yeye na wanachanja watoto wa watu kila siku kwa mikono safi. Nitakwambia ninavyofikiri linatokea.

Chanjo hiyo, tunayoiita HPV kwa jina la kirusi inachokizuia, ilianza nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Sisi wa vituoni tuliitwa semina, tukaonyeshwa ratiba, namna ya kujaza fomu, mahali pa kuchoma. Tukapewa mabango ya kubandika. Tulifundishwa majibu ya kuwapa wazazi. Hakuna aliyetugeukia sisi wenyewe akauliza, na wewe una wasiwasi gani? Chumba kilijaa wanawake wenye mabinti, waliokuwa wamesikia habari za ugumba kwenye simu zao kama mzazi mwingine yeyote. Tukanyamaza, maana nani atanyanyua mkono mbele ya mratibu aonekane hajui kazi? Tukarudi vituoni na mabango na wasiwasi wetu. Mwaka 2021 chanjo ya UVIKO-19 ilipokuja hali ikawa hiyohiyo, mbaya zaidi, kwa sababu safari hii mkono uliotakiwa kuchomwa ulikuwa wa kwetu. Waliosita walisita wakiwa wamevaa sare, na kijiji kiliwaona.

Kaa na dada yako, umuulize kwa upole aliambiwa na nani na anaogopa nini hasa. Mkiishia kwenye ugumba, jibu ni kwamba chanjo hii haigusi mayai wala kizazi. Inaufundisha mwili kukizuia kirusi, na aina mbili za kirusi hicho, ya 16 na ya 18, ndizo zinasababisha karibu asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi. Saratani hiyo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa nchi yetu. Nimewauguza wanaougua, majumbani, wakati Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, walikwisha kuwarudisha. Wanawake wa miaka arobaini, wenye watoto wadogo, harufu ya ugonjwa inawatenga hata na waume zao. Binti yangu alichanjwa, nilimpeleka mwenyewe. Na tangu 2024 ni dozi moja tu, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, kwa hiyo wako wa miaka 11 yumo. Wa dada yako, kama hajatimiza 15, yumo pia.

Tabibu Kijana:

Sista, hilo la semina umenigusa. Sisi huku tuna kikao cha watumishi kila mwezi. Nitaomba kipande cha muda, tuanze na sisi wenyewe kabla ya wazazi. Na ile safu ya waliorudishwa nitaichora kwa rula pembeni ya daftari letu, hata kama wilayani hawaiombi.

Mama Nasra:

Nimerudi, samahani mtandao huku unakuja na kuondoka. Nawashukuru nyote, dada yangu Muuguzi zaidi. Mtoto amechanjwa. Tulikwenda akina mama watano, na mume wangu ndiye alitubeba wawili kwa pikipiki ya shemeji. Nesi alikuwa yuleyule wa kwanza. Nilimwambia mwanangu bado ana kamasi, akacheka akasema kamasi haina shida, akafungua. Nikamuuliza kuhusu zile dozi zinazobaki, akasema anaumia sana kuzitupa, kila mara. Nilimwonea huruma kweli.

Nina swali moja. Katika sisi watano mmoja ana mtoto wa miaka miwili, walihamia kutoka Katavi na mifugo, kadi ilipotelea njiani na mama hakumbuki alichanjwa nini. Nesi alimpa surua, lakini zile nyingine akasema atauliza kwanza. Je, akirudiwa chanjo aliyokwisha kupata haitamdhuru?

Muuguzi Mkongwe:

Haitamdhuru. Kadi ikipotea na rejesta ya kule walikotoka haipatikani, anahesabiwa kama hajachanjwa na nesi anapanga upya zile zinazoruhusiwa kwa umri wake. Rota, ile ya kukinga kuharisha, hatapewa, umri wake umeshapita. Mwambie mama amwonyeshe nesi mkono wa mtoto karibu na bega: kama kuna kovu dogo la BCG, hiyo alishaipata. Afunguliwe kadi mpya leo hii, na tarehe ya surua ya pili iandikwe humo kabla hawajahama tena na ng'ombe.